Injini ya Jirani

Najua nimewatupa. Wiki tatu nzima sijaandika neno, na mmoja wenu aliniuliza kama nimehamia Dubai. Sijahamia popote. Kazi ndiyo imenikaba koo, na ni hiyo hiyo kazi iliyonifanya leo niandike kuhusu gari la kifahari la Kifaransa, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa. Mimi mwenyewe sina gari, napanda matatu kama wengi wenu. Lakini nivumilieni, kompyuta zitafika.

Ilianza na dada yangu mdogo. Anasoma Kifaransa chuoni, na juzi alikuwa anaandika insha juu ya Albert Camus, yule mwandishi mzaliwa wa Algeria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Akaniuliza, "Kaka, huyu mtu alikufa vipi?" Nikamtafutia. Camus alikufa tarehe 4 Januari 1960, akiwa na miaka 46, katika ajali karibu na kijiji cha Villeblevin, kwenye barabara ya kuelekea Paris. Gari liliacha barabara iliyonyooka likagonga mti. Dereva alikuwa Michel Gallimard, wa ile familia ya wachapishaji vitabu, naye akafa siku chache baadaye. Mfukoni mwa Camus walikuta tiketi ya treni ambayo hakuitumia.

Dada alipata alichotaka akaenda zake. Mimi nikabaki na swali langu la kijinga kama kawaida: lilikuwa gari gani? Lilikuwa Facel Vega, modeli ya FV3B. Sikuwahi kusikia jina hilo. Peugeot najua, kila mzee wa rika la baba yangu ana hadithi ya Peugeot 504. Renault, Citroën, sawa. Lakini Facel Vega? Nikafungua ukurasa mmoja, ukanipeleka kwa wa pili, na saa nane usiku nilikuwa bado nimekodoa macho kama bundi.

Hebu vuta picha. Gari la milango miwili, pana, limelala chini, lenye mapambo ya chuma kisichoshika kutu yanayong'aa kutoka mbele hadi nyuma. Ndani kuna viti vya ngozi na dashibodi iliyojaa saa na vijiti kama chumba cha rubani wa ndege. Dashibodi yenyewe inaonekana imetengenezwa kwa mbao ya thamani, ile yenye mishipa ya kahawia inayozungukazunguka. Si mbao. Ni bati lililopakwa rangi kwa mkono mpaka likafanana na mbao. Nilicheka sana niliposoma hapo, kwa sababu nimewahi kulipwa kuchora programu ya benki iliyofanana na daftari la karatasi, pamoja na kivuli cha ukurasa uliokunjwa.

Na chini ya boneti kulikuwa na nini? Injini ya Kimarekani. Hilo gari ambalo Wafaransa walilionea fahari, ambalo Picasso alikuwa nalo, ambalo Stirling Moss wa mbio za magari aliliendesha, ambalo Ringo Starr wa Beatles alinunua lake, lilitembea kwa V8 kubwa iliyotoka kwa Chrysler. Modeli ya kwanza ya mwaka 1954 ilikuwa na injini ya DeSoto ya lita 4.5, na DeSoto ilikuwa chapa ya Chrysler. Miaka michache baadaye, kwenye HK500, ilifika lita 6.3 na nguvu za farasi 360 kwa hesabu za wakati ule.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka kabisa. Maana Jumatatu ijayo ofisini kwetu kuna kikao, na kikao hicho kinahusu swali hilo hilo.

Nitarudi kwenye kikao. Kwanza mwenye kampuni. Aliitwa Jean Daninos, mzaliwa wa Paris mwaka 1906, mwenye asili ya Kigiriki. Alifanya kazi Citroën enzi za Traction Avant, akaingia kwenye mambo ya ndege, na mwaka 1939 kampuni ya Facel ikaanzishwa. Jina hilo ni herufi za mwanzo za maneno marefu ya Kifaransa yanayomaanisha, kwa ufupi, karakana za chuma za mkoa wa Eure-et-Loir. Hakuna fahari yoyote hapo. Ni karakana ya kukunja mabati. Baada ya vita Facel walipata kazi ya kutengenezea makampuni mengine bodi za magari: Panhard Dyna, Simca Sport, Ford Comète. Walitengeneza hata masinki ya jikoni ya chuma.

Yaani walikuwa kampuni ya vibarua vya wengine. Wenzangu mnaoandika programu mnaijua kazi hiyo. Mteja anakuja na gari lake, wewe unamkunjia bati, nembo inayopachikwa mbele ni yake. Unalipwa vizuri, ila siku mteja akiamua kufanya mwenyewe, umekwisha. Na ndivyo ilivyokuwa. Panhard walipoleta modeli mpya, Dyna Z, kazi ya bodi wakaichukua wenyewe. Ford nao wakauza biashara yao ya Ufaransa kwa Simca mwaka 1954. Daninos alibaki na mashine, mafundi hodari wa chuma, na pengo la kazi. Akaamua kutengeneza gari lake mwenyewe. Kaka yake Pierre, mwandishi wa vichekesho aliyekuwa maarufu kuliko yeye, ndiye aliyependekeza jina la Vega, ile nyota.

Sasa tazama uamuzi wake. Alijua chuma. Alijua umbo. Injini hakuijua. Basi akafanya jambo ambalo naliheshimu mpaka leo: kile alichokijua akakifanya vizuri kupita wote, na kile asichokijua akakinunua kwa mtu aliyekitengeneza kwa maelfu. Injini za Chrysler zilikuwa zimeshatembea Marekani nzima, kwenye joto na kwenye theluji, mikononi mwa watu wasiojali kubadilisha oili. Wadudu wote waliokuwemo walikuwa wameshatolewa na watu wengine kwa gharama za watu wengine. Ndiyo maana ya kutumia maktaba ya programu iliyokomaa.

Kulikuwa na wivu wa kizalendo, bila shaka. Ufaransa ilikuwa nchi ya Bugatti, Delage, Delahaye, Talbot. Lakini magari hayo makubwa yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine. Serikali ya baada ya vita ilitoza kodi kulingana na ukubwa wa injini, na injini kubwa zilibanwa vibaya. Mwaka 1956 ikaongezwa stika ya kila mwaka, kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia wazee. Delahaye iliungana na Hotchkiss mwaka 1954 na magari yake yakakoma. Talbot ikamezwa na Simca. Bugatti ikabaki jina. Facel Vega ikawa karibu peke yake iliyosalia kuipeperusha bendera, na moyo wake ulitoka Detroit.

Sisemi magari yale hayakuwa na makosa. HK500 za mwanzo zilikuwa na breki za ngoma, kwenye gari la karibu tani mbili linaloweza kupita kilomita 200 kwa saa. Breki za diski zilifuata baadaye. Kulikuwa pia na lile la milango minne, Excellence, lisilo na nguzo katikati. Milango ya mbele na ya nyuma ilifunguka kwa kutazamana kama kabati. Linapendeza kwenye picha, lakini bila nguzo bodi ilinepa na milango ikasumbua kufunga. Yalitengenezwa yapata 150 tu. Hata hivyo injini haikuwa tatizo. Katika orodha ndefu ya lawama, Chrysler hawamo.

Basi nini kiliiua Facel? Gari dogo lililoitwa Facellia.

Hapa naomba tusiwe wepesi wa kucheka, kwa sababu hesabu ya Daninos ilikuwa na akili. V8 kubwa ilimaanisha kodi kubwa na wateja wachache sana. Alihitaji gari dogo la michezo, la kushindana na Alfa Romeo na Porsche, litakalouzwa kwa maelfu. Chrysler hawakuwa na injini ndogo ya kumuuzia. Injini za Kifaransa za ukubwa ule zilitengenezwa kwa magari ya familia. Naye alitaka gari hili liwe la Kifaransa kuanzia taa hadi ekzosi. Akawaendea Pont-à-Mousson.

Pont-à-Mousson walikuwa watu wa maana. Ni kampuni ya zamani ya chuma cha kusubu, maarufu kwa mabomba ya maji. Walikuwa tayari wanamtengenezea Facel giaboksi ya gia nne kwa yale magari makubwa, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba Chrysler wenyewe waliichukua mwaka 1960 wakaiweka kwenye magari machache maalumu ya modeli ya 300F. Mmarekani ananunua giaboksi kwa Mfaransa anayenunua injini kwa Mmarekani! Kwa hiyo Daninos hakuokota fundi kando ya barabara. Alimwendea mtu ambaye kazi yake aliiona kwa macho. Ila giaboksi si injini. Nimeona kosa hili mara nyingi: huyu kijana alituandikia tovuti safi, basi apewe na mfumo wa malipo.

Injini yenyewe ilikuwa tamu kwenye karatasi. Lita 1.6, silinda nne, kamshafti mbili juu, nguvu za farasi 115. Gari likaonyeshwa kwenye Maonyesho ya Magari ya Paris Oktoba 1959. Watu wakalipenda. Mwaka 1960 likaanza kufika mikononi mwa wateja, na pistoni zikaanza kuungua.

Injini zilinoki. Mteja anarudi, injini inabadilishwa kwa dhamana, anaondoka, anarudi tena. Kila gari lililouzwa likawa deni linalotembea. Na kwa kuwa Facellia ndiyo iliyotakiwa kuuzwa kwa wingi, kadiri kampuni ilivyofanikiwa kuuza ndivyo ilivyozidi kuzama. Agosti 1961 Daninos aliachia uongozi. Mwaka 1962 kampuni ikawa chini ya msimamizi wa mufilisi. Mwaka 1963 usimamizi ukapewa Sferma, tawi la kampuni ya ndege ya Sud-Aviation.

Na hapo sasa ndipo walipofanya kile ambacho wangefanya tangu mwanzo. Waliitoa ile injini, wakaweka ya Volvo, B18 ya lita 1.8, wakaliita gari Facel III. Likatulia. Hakuna pistoni iliyoungua, hakuna mteja aliyerudi akipiga makelele. Lakini jina lilikuwa limeshaharibika na fedha zimekwisha. Oktoba 1964 kiwanda kikafungwa. Tangu 1954, magari yote waliyotengeneza, makubwa kwa madogo, hayakufika 3,000.

Kwa wale wanaotaka kujua B18 ni injini ya namna gani: Mmarekani mmoja, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966 lenye injini ya aina hiyo. Mwaka 2013 alifikisha maili milioni tatu nalo. Ndiyo, injini ilifunguliwa na kukarabatiwa njiani, lakini lilikuwa gari lile lile. Alikufa mwaka 2018 akiwa bado nalo.

Sasa nije kwangu, maana nisipojitaja nitakuwa mnafiki.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye kampuni ndogo hapa Nairobi. Sitaitaja, na haipo tena. Tulikuwa watu saba. Tulitengeneza mfumo wa shule za kupokea karo kwa simu: mzazi analipa, ujumbe unafika kwenye seva yetu, mwanafunzi anawekewa alama kwamba amelipa, na mhasibu wa shule anaona kwenye skrini yake. Wazo zuri. Shule zilianza kuja, kwanza tatu, kisha kumi na moja.

Mimi nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya sayansi ya kompyuta juzi tu, na kichwa kilikuwa kimefura. Mwenzangu mmoja alipendekeza tutumie PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo watu wameifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Nikasema ni kubwa mno kwa kazi yetu, ni nzito, sisi tunahitaji kitu chepesi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuandika changu. Nilikuwa nimesoma somo la hifadhidata nikapata alama A. Nilimshawishi bosi, na bosi alinipenda. Niliandika kwa wiki tano, na siwezi kuwadanganya, sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia wiki zile.

Kosa lilikuwa dogo mno. Malipo yakiingia, programu yangu ilisoma orodha ya malipo ya shule, ikaongeza mstari mmoja, ikaandika orodha nzima upya. Malipo mawili ya shule moja yakiingia ndani ya nusu sekunde, yote mawili yalisoma orodha ile ile ya zamani. La kwanza likaandika. La pili likaandika juu yake. Lile la kwanza likapotea bila kelele yoyote. Hifadhidata yoyote ya maana inajua kufunga mlango ili mmoja aingie baada ya mwingine. Yangu haikuwa na mlango. Niliijaribu kwa simu yangu moja, malipo moja moja, na kila mara ikafanya kazi vizuri.

Kisha Januari ikafika. Wanaoishi Kenya mnajua Januari. Wazazi wote wanalipa siku moja, asubuhi moja, wengi wakiwa wamesimama kwenye lango la shule.

Watoto walirudishwa nyumbani kwa karo iliyokuwa imelipwa. Sijui ni wangapi. Tulipata kuhesabu malipo yaliyopotea kwa kulinganisha na taarifa za kampuni ya simu, lakini mtoto aliyerudishwa hakuna taarifa inayomhesabu. Nilipangiwa kupokea simu za wazazi wiki ile. Mama mmoja alinipigia akiwa mtulivu kabisa, hakunitukana hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, ujumbe wa malipo ninao hapa kwenye simu. Nimewasomea shuleni, wanasema kompyuta haijui. Sasa mimi nimwambie nani?" Nikamwambia tunashughulikia. Kijana wake alikuwa kidato cha nne.

Tulihamia PostgreSQL Machi ile ile. Ikatulia. Kama Facel III. Shule tisa zilikuwa zimeshaondoka, na kabla ya mwaka kwisha bosi alituita akatuambia hawezi kulipa mishahara. Watu saba. Mmoja alikuwa ameoa mwezi uliotangulia.

Mnaona sasa kwa nini nilikesha na gari la Camus.

Haya, kikao cha Jumatatu. Pale ninapofanya kazi sasa tuna mawakala wanaozunguka na simu mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Wanarekodi mauzo bila mtandao, na simu ikipata mtandao data inasawazishwa na seva. Tunatumia programu huria kwa kazi hiyo na imeanza kutubana. Kundi moja la wenzangu, wajuzi kunishinda, linataka tuandike injini yetu ya kusawazisha. Wana hoja nzuri. Hoja moja inaniuma zaidi ya nyingine. Kijana mmoja alisema wiki jana: "Sisi huku ni wa kupachika tu. Kila siku vya wenzetu. Lini tutatengeneza cha kwetu?"

Sikuwa na jibu pale pale, na sidhani ni hoja ya kupuuzwa. Wapo watakaomkumbusha Nyayo Pioneer, lile gari ambalo Rais Moi aliwaomba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneze mwaka 1986, likazinduliwa 1990 na lisifike sokoni. Mimi sitamtupia hilo usoni. Watu hulitaja kwa kejeli, lakini wale wahandisi angalau hawakumuuzia mama wa mtu injini isiyojaribiwa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoisimulia Facel. Wanasema somo ni rahisi: usijitengenezee injini, nunua. Si kweli. Kuna mtu siku moja alikaa chini akaandika mistari ya kwanza ya hiyo PostgreSQL ninayoisifu. Volvo nao waliichora B18 wenyewe. Kama kila mtu angenunua, angenunua kwa nani? Daninos kutaka injini ya Kifaransa haikuwa dhambi. Fahari ya kutaka cha kwako haijawahi kumuunguzia mtu pistoni.

Dhambi ilikuwa mahali pengine, na nimeitafuta sana kwa sababu ni yangu pia. Aliweka injini changa ndani ya gari ambalo lilitakiwa kuiokoa kampuni nzima. Mteja akawa ndiye wa kuijaribu. Na ilipoanza kuungua, haikutolewa siku ile. Kati ya Facellia za kwanza na Facel III yenye Volvo ilipita karibu miaka mitatu. Nahisi najua kwa nini, maana nami nilikuwa na wiki tatu za Januari ambapo nilijua kabisa kwamba dawa ni kuhama, na bado nikawa ninaziba tundu moja baada ya jingine, usiku kwa usiku, kwa kuwa kitu kile kilikuwa changu. Ungeniambia ni cha jirani ningekitupa siku ya pili.

Angeweza kuiweka ile injini ndogo kwenye magari kumi, akawapa madereva wake wayatese mwaka mzima milimani, huku akiuza Facellia zenye injini ya kununua. Baadaye, ikikomaa, aibadilishe. Ingechelewa. Ingemuudhi. Waandishi wa magari wa Paris wangemcheka kwamba hata gari dogo ameshindwa kulifanya la Kifaransa. Lakini kampuni ingekuwepo mwaka 1965.

Kwa hiyo Jumatatu sitapinga. Nitasema waandike. Nitasema pia kwamba injini yao isiguse data ya wakala hata mmoja mpaka iwe imetembea sambamba na hii tunayoilalamikia, miezi sita, kila muamala ukipita kote kuwili na majibu yakilinganishwa usiku. Na kwamba njia ya kurudi nyuma iwe imeandikwa na kujaribiwa kabla ya njia ya kwenda mbele, na mwenye mamlaka ya kubonyeza kitufe cha kurudi asiwe yeyote kati ya walioiandika. Hili la mwisho ndilo watakalolichukia. Mimi mwenyewe ningelichukia.

Daninos aliishi hadi mwaka 2001, akafa na miaka 94. Aliyaona magari yake yakigeuka kuwa vitu vya minada. Facel II ya Ringo Starr iliuzwa London mwaka 2013 kwa zaidi ya pauni 300,000, na injini yake bado ni ile V8 ya Chrysler ambayo watu waliionea aibu.

Dada yangu, kwa wanaojali, amepata alama nzuri kwenye insha yake. Habari za kikao nitawaletea wiki ijayo, nisipofukuzwa. Na kama kuna msomaji aliyewahi kuiona Facel Vega kwa macho yake, huko Ufaransa au popote, tafadhali aniambie kama ile dashibodi ya bati ukiwa karibu nayo inadanganya kweli.